Bisibisi Siku ya Mtakatifu Nikola

Kengele ya kanisa ya jioni ilimkuta Radoje amepiga magoti sebuleni, kichwa kimezama ndani ya kasha la kompyuta, bisibisi mkononi, makalio yameelekea picha ya Mtakatifu Nikola ukutani. Alikuwa amekibonyeza kitufe cha kuwashia mpaka ncha ya kidole imekufa ganzi. Kompyuta haikusema lolote.

"Weka chini," akasema mama yake, Bibi Stamena, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, kidogo tu."

"Kengele imelia. Sikukuu imeingia. Weka chini hiyo bisibisi kabla Nikola hajakuona."

"Nikola ana shughuli zake, mama. Ana mabaharia wa kuwaangalia."

"Na wajinga pia."

Bibi Stamena hakuwa mtu wa kubishana naye. Kesho yake ilikuwa slava, siku ya mtakatifu wa ukoo wao, siku iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya kanisa, na siku nyekundu huanza na kengele ya jioni ya kuamkia. Haishonwi nguo, haifuliwi shuka, haugongwi msumari. Yeye mwenyewe alimjua kwa jina mwanamke aliyeshona kifungo siku ya Mtakatifu Nikola, ng'ombe wake akakauka maziwa mpaka Pasaka.

"Sisi hatuna ng'ombe, mama."

"Na hutampata."

Akazikusanya bisibisi zote, na koleo, na hata kile kisu cha kukatia zulia, akazifunga kwenye leso, akazitia chini ya mto wake, kisha akaulalia kidogo kuhakikisha. Alipotoka chumbani uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, wa mtu aliyeiokoa nyumba.

Ndipo Desanka, mke wa Radoje, akaingia kutoka sokoni na samaki mkubwa wa mtoni ndani ya mfuko, theluji imemjaa kwenye nywele. Akasimama palepale kwenye kizingiti.

"Radoje. Hiki nini?"

"Zawadi," akasema Radoje, bado yuko magotini.

Katikati ya sebule lilikuwa limesimama kasha jeusi lenye ubavu wa kioo, refu kama kabati la viatu, na ndani yake taa ndogondogo ambazo, kwa maneno ya aliyemuuzia pale soko la mitumba, zingepaswa kuwaka rangi zote za upinde wa mvua.

"Kompyuta yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, Desa. Viungo vyake ni vilevile. Nimeibadilisha nguo tu."

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa ya njano! Njano ya jino la mvuta sigara. Kesho nyumba inajaa watu, waje waone mke wangu anafanyia kazi debe?"

"Ilikuwa inafanya kazi, Radoje."

"Ilikuwa inanguruma kama kinu..."

"Ilikuwa inafanya kazi!" Desanka akauweka mfuko chini. Samaki akateleza nusu nje na kubaki anawatazama. "Virudishe kwenye lile la zamani. Sasa hivi."

Radoje akakuna shingo. Bibi Stamena akatazama dirishani. Wote wawili walijua kwamba baada ya chakula cha mchana gari la vyuma chakavu lilipita na kipaza sauti chake, na kwamba Radoje, kwa furaha ya mtu mwenye kitu kipya, alilibeba mwenyewe lile debe la njano na kulishusha ngazi za ghorofa zote nne kulikabidhi.

Desanka hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kesho saa saba mchana alikuwa na mtihani wa kazi: kampuni moja ya mji wa Ljubljana, nje ya nchi, ilitaka mtunza hesabu wa kufanyia kazi nyumbani, na kati ya waombaji wote walibaki wawili. Wiki iliyopita walikuwa wameiwekea kompyuta yake programu yao ya hesabu, wakaifunga kwa ufunguo wa mashine hiyo hiyo, si ya jirani wala ya binamu. Kwamba kesho ni slava hakuthubutu kuwaambia. Kule hawana slava, na mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyefungiwa ofisi mbili mfululizo hachagui siku. Kiwanda cha betri cha Radoje nacho kilishafungwa. Nyumba nzima ilikuwa inaishi kwa pensheni ya Bibi Stamena, na Bibi Stamena, kwa upole wake wote, hakuwahi kuacha siku ipite bila kuwakumbusha hilo.

"Mpigie fundi," akasema Desanka.

"Fundi jina lake Nikola," akasema Radoje kwa sauti ndogo. "Naye anasherehekea siku ya jina lake, amefunga mpaka keshokutwa."

Desanka akamwokota samaki, akaenda jikoni kumparua magamba. Kupika haikuwa kazi, kwa sheria za Bibi Stamena. Ukichunguza vizuri, katika siku nyekundu wanaume ndio waliokatazwa kazi.

* * *

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, na hapo ndipo lilipouma. Kasha la zamani lilikuwa na plagi moja tu ya mbele, unaichomeka na kusahau. Hili jipya lilitoa vijinyaya vingi vyembamba, kila kimoja na kichwa chake: cha kitufe cha kuwashia, cha kitufe cha kuanzisha upya, na vya taa mbili, kila taa na chanya yake na hasi yake. Vyote vilitakiwa kuingia kwenye kona moja ya ule ubao mkubwa wa ndani, mazabodi, ambapo pini zimesimama wima kama meno ya kitana, na maandishi yake yameandikwa kwa ajili ya viroboto. Radoje alikuwa na miwani ya kusomea. Alikataa kuivaa, kwa sababu miwani ya kusomea ni ya wazee.

Hata hivyo alikuwa ana hakika kwamba ameweka sawa. Aliweka, akaangalia kwa tochi, akaweka tena. Kwenye mazabodi taa ndogo ya kijani iliwaka, ishara kwamba umeme unafika. Lakini ukibonyeza kitufe, kimya.

Asubuhi padri akaja kuubariki mkate wa slava. Wakaukata pamoja, wakaumiminia divai, wakauzungusha na kuubusu, mshumaa mkubwa unawaka katikati ya meza. Radoje akangoja amina ya mwisho.

"Baba, ni dhambi kushika bisibisi leo, kama ni kwa ajili ya riziki?"

Padri alikuwa na nyumba nyingi mbele yake, na tayari mashavu yalikuwa yamewiva kwa divai ya nyumba alizotoka. "Mungu haangalii bisibisi, mwanangu. Anaangalia moyo." Akavaa kofia, akaondoka.

Radoje akamgeukia mama yake, kiganja wazi. "Umesikia?"

"Nimesikia. Huyu padri bado kijana."

"Ana miaka hamsini na tano, mama!"

"Ndiyo maana. Marehemu padri Sreten asingethubutu."

"Mama," akasema Desanka taratibu, "ni mtihani wangu."

Bibi Stamena akamtazama mkwewe, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana raha. Alimpenda Desanka kuliko alivyokuwa tayari kukiri. "Vidole ruhusa," akasema mwishowe. "Vidole ametupa Mungu. Chuma hapana."

* * *

Slava mtu haalikwi. Mlango uko wazi, na ajaye anakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wenye kiu. Mwenyeji wa kiume siku hiyo haketi. Anasimama tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho, anamimina na kukaribisha. Basi Radoje alikuwa amesimama na chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, amevaa koti lake la harusi, wakati jirani wa chini, Vidosav, fundi umeme mstaafu wa reli, alipoingia akajipiga ishara ya msalaba, akachota kijiko cha ngano.

Ngano hiyo ya slava, iliyochemshwa, ikasagwa na karanga za mjozi na sukari, Bibi Stamena aliigawa mwenyewe. Alisimama mlangoni na sinia: bakuli la ngano, vijiko safi upande huu, na upande ule glasi ya maji ya kutumbukiza vilivyotumika. Hakuna aliyevuka bila kuonja.

Vidosav akakitumbukiza kijiko chake majini, akaliona kasha. "Jirani, mbona samaki wako hawaonekani?"

"Samaki gani?"

"Wa tangi hilo."

"Ni kompyuta."

"Kompyuta? Basi washa tuione."

Radoje akammiminia haraka. Lakini wakati huo akaingia Miladin, kum wao, yaani aliyewasimamia ndoa, dereva wa lori la maziwa, mwanamume mnene mwenye sauti ya kushinda trekta. "Kum wangu! Heri ya slava! Wanasema umeiua mashine ya Desa!"

"Nani kasema?"

"Hapo chini mlangoni. Jengo zima linajua."

Heshima ya Radoje ikateremka ghorofa zote nne na haikurudi. Waliobaki wakavua makoti, wakalizunguka kasha. Vidosav akapiga magoti, akaazima lenzi ambayo Bibi Stamena husomea kitabu cha sala, akachungulia.

"Aha. Umekosea, jirani. Hiki cha taa umekiweka kwenye kitufe."

"Sijakosea."

"Mimi nimeunga nyaya za injini za treni, bwana!"

"Treni haina taa za upinde wa mvua," akasema Miladin. "Toka, nione. Kwenye lori langu nyekundu siku zote ni chanya."

"Hapa hakuna nyekundu. Kuna ya chungwa."

"Chungwa ni nyekundu iliyochoka. Igeuze."

Wakaigeuza. Wakabonyeza. Kimya. Wakanywa kidogo. Vidosav akazibadilisha mbili za kulia, wakabonyeza, kimya, wakanywa. Kila waya uliohama ulinyweshwa kwaheri, na kila waya uliorudi ulikaribishwa. Wageni wengine walipoingia walipewa ngano, kahawa, glasi na nafasi ya kutoa maoni. Mmoja alishauri ipigwe kofi ubavuni. Mwingine alidai kosa ni la theluji. Manahodha walikuwa wengi, na chombo hakikutoka hata bandarini.

Katikati yao Desanka alipita na sinia za kahawa. Chini ya aproni alikuwa tayari amevaa blauzi yake nyeupe, ile ya kamera. Kila alipopita, Radoje alitazama pembeni.

Mwishowe Vidosav akainuka, magoti yanalia. "Nimezirudisha zote kama ulivyoziweka wewe. Haidhuru. Mbovu ni mbovu."

"Ni mkosi," akasema Miladin kwa huzuni ya dhati, akajimiminia mwenyewe.

* * *

Jikoni, Desanka alikuwa anamlaza samaki kwenye trei ya oveni. Radoje akaingia na chupa tupu, akaufunga mlango nyuma yake.

"Saa ngapi?" akauliza, ingawa saa ilikuwa ukutani.

"Unaiona."

"Desa..."

"Usiniambie neno, Radoje. Nitapika, nitagawa, nitacheka na watu. Baada ya hapo nitakwenda chumbani nilie kidogo, halafu nitaosha vyombo. Hapana, sitaosha. Leo ni siku nyekundu."

Radoje akakaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, kisha akakumbuka kwamba mwenyeji haketi, akasimama tena. Alikuwa na aibu mpaka masikio yanamwasha.

"Vuli nzima nimewapasulia watu kuni," akasema. "Nilitaka hela ile inunue kitu cha maana. Wewe ungepata kazi, ungekaa pale unahesabu, na mimi ningepita nikisema moyoni, lile kasha nimelileta mimi. Kwamba na mimi nimechangia kitu. Sikutaka zaidi ya hapo."

Desanka akakishikilia kitunguu mkononi bila kukikata. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa peke yake tena, na hilo lilimkera zaidi.

"Wewe ni mjinga, Radoje."

"Najua."

"Ungeninunulia kiti. Nilihitaji kiti."

"Cha pale sokoni hakikuwa na taa," akasema Radoje, na kwa sekunde moja Desanka ilimbidi auume mdomo asicheke.

Akaitia trei kwenye oveni, akafuta mikono. Saa saba ilikuwa inakaribia. "Hebu twende. Nataka kuwaambia mwenyewe watu wa Ljubljana kwa simu, kabla hawajaniona nimechelewa."

* * *

Sebuleni Vidosav alikuwa akimhutubia mgeni mpya. Alishika kijiko cha pili cha ngano mdomoni huku akionyesha kwa kidole.

"Mimi ningekuwa na bisibisi ningejua mara moja kosa liko wapi. Unachomoa waya wa kitufe, unazigusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, na mashine inawaka bila kitufe. Ikiwaka, ujue kitufe ndicho kimekufa. Isipowaka, ujue wewe ndiye umekufa. Lakini bisibisi zimelaliwa."

"Kwa kisu je?" akauliza Miladin.

"Kisu cha mkate wa slava?" Bibi Stamena akauinua mkono kifuani. "Mshenzi wewe!"

Desanka alikuwa na simu mkononi. Akaishusha. "Vidosav, ni lazima iwe bisibisi?"

"Kitu chochote cha chuma, binti. Umeme wake pale ni mdogo, hata mbu haumuumizi."

Desanka akanyoosha mkono, akakitoa kijiko kinywani mwa Vidosav.

Akakifuta kwa aproni. Akapiga magoti na blauzi yake nyeupe mbele ya lile tangi lisilo na samaki. "Radoje, zipi?"

Radoje akaingiza mkono mfukoni mwa koti la harusi, akatoa miwani ya kusomea. Watu wa jengo lile hawakuwahi kumwona nayo. Akaivaa, akapiga magoti kando ya mke wake, akachomoa waya wa kitufe kwa kucha mbili. "Hizi. Hapa na hapa. Nilikuwa nimeweka sawa, Desa, naapa."

"Nyamaza. Shika mkono usitetemeke."

"Wako au wangu?"

"Wowote!"

Mpini wa kijiko ukazigusa pini mbili. Feni ikashtuka, ikazunguka, na kasha zima likalipuka rangi: zambarau, kijani, nyekundu, mpaka ndevu za Mtakatifu Nikola ukutani zikawa buluu. Wageni wakaweka glasi chini. Hata Miladin.

"Kitufe!" Radoje akaruka juu. "Kitufe ndicho kibovu! Nyaya zangu zilikuwa sawa tangu jana! Mmesikia? Sawa!"

"Kwa hiyo umenunua kitufe kibovu," akasema Vidosav, aliyenyang'anywa kijiko.

"Lakini nyaya ziko sawa!"

Rahisi ghali, lakini hakuna aliyemwambia. Wote walikuwa wanamtazama Bibi Stamena, aliyebaki na sinia lake mlangoni akikikodolea macho kijiko kimojawapo cha ukoo mkononi mwa mkwewe. Mshumaa ukatikisika, ukasimama. Bibi akafikiri kwa muda mrefu, kama mahakama.

"Kijiko si chombo cha kazi," akatangaza. "Kijiko ni cha wageni. Endeleeni."

* * *

Meza ya kompyuta ilikuwa kwenye kona ya sebule, na hapakuwa na mahali pengine. Desanka akaketi, akavua aproni. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea Bi Mojca wa Ljubljana, mwanamke mwenye nywele fupi na kikombe cheupe, akamsalimu kwa adabu, akafungua mtihani: hesabu za mwezi mzima wa ghala moja, zilizovurugwa kwa makusudi, zipangwe kwa saa moja. Nyuma ya Desanka watu ishirini walikula maharage kwa kunong'ona. Miladin alitafuna kachumbari yake kama mtu anayeiba.

Ilipokuwa nusu ya kazi, kwenye korido pakasikika tak. Feni ya kasha ikafa. Taa za upinde wa mvua zikazimika, Bi Mojca akapotea, redio ya jirani wa juu ikaendelea kuimba peke yake.

Oveni, hita ya kupashia chumba joto na kompyuta: fyuzi ya nyumba ile haikuwahi kuvibeba vyote vitatu. Radoje alikuwa ameshafika kwenye korido kabla mtu hajasema fyuzi. Akairudisha, akarudi mbio, miwani puani, akatumbukiza mkono kwenye glasi ya maji ya vijiko, akakitoa kimoja, akakipangusa kwenye koti la harusi.

"Hapa na hapa," akajiambia.

Ikawaka. Programu ikafunguka pale alipokuwa amefika, nusu ya mstari pungufu.

"Ikizima tena?" akanong'ona.

"Haizimi," akasema mtu nyuma yao.

Ilikuwa Bibi Stamena. Alikuwa ametoka jikoni, uso mweupe. Alikuwa ameizima oveni kwa mkono wake mwenyewe. Ndani yake, samaki wa slava alikuwa amelala nusu mbichi, na katika nyumba ya ukoo ule haikuwahi kutokea, si wakati wa vita, si wakati wa foleni za mkate, mgeni aketi siku ya Nikola asiletewe samaki. Wageni wote walielewa. Wakashusha macho kwenye sahani zao za maharage.

"Mama..." akaanza Desanka.

"Hesabu," akasema Bibi Stamena. "Samaki amekufa tayari. Ana haraka gani?"

Miladin akanyanyuka, akaichomoa hita, akajivisha koti. Wengine nao wakavaa makoti yao mezani. Na Radoje akasimama kando ya kasha, kijiko mkononi, mgongo umenyooka, akawazuia wageni kwa kiwiko wasije wakalisukuma. Hakuketi. Hakunywa. Alitazama shingo ya mke wake ikiinama juu ya tarakimu, na akaona, kwa kuchelewa kwa miaka thelathini, kwamba kila slava alikuwa amesimama kwa ajili ya watu wote isipokuwa huyu.

Bi Mojca aliporudi kwenye kioo alianza kuzipitia hesabu. Akapita mistari yote, akarudi juu, akapita tena.

"Hesabu zimekaa sawa," akasema mwishoni. "Ulikatika katikati, lakini ukarudi haraka kuliko mwenzako, aliyekatika akapotea kabisa. Samahani, naomba kuuliza. Yule bwana aliyesimama nyuma yako..."

"Mume wangu."

"Ana kijiko."

"Ndiyo," akasema Desanka, na akajikuta amenyoosha mabega. "Leo ni slava yetu. Yeye ndiye mwenyeji."

Bi Mojca akasogea kwenye kioo. Aliona mshumaa, na mezani watu waliovaa makoti yao, uma hewani. "Mungu wangu, una wageni! Kwa nini hukusema? Nenda, nenda kwa wageni wako. Tutaonana Jumatatu saa mbili asubuhi. Utaanza na ghala hilohilo, lile la kweli."

Kioo kikawa cheusi. Kisha Miladin akapiga yowe lililosikika mpaka soko la mitumba, Vidosav akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, oveni ikawashwa, na Bibi Stamena akajifuta macho kwa leso iliyokuwa imefungia bisibisi, akidai ni vitunguu.

Desanka alibaki kwenye kiti. Bibi Stamena akamjia na sinia.

"Na wewe hujaonja ngano tangu asubuhi. Umelisha jengo zima, mwenyewe mdomo mkavu." Akatazama upande wa vijiko safi. Hapakuwa na kilichobaki. "Radoje! Mwenyeji gani wewe? Mpe mkeo kijiko."

Radoje akalipokea sinia kwa mama yake. Akakifuta kijiko chake kwenye koti, upande huu na upande ule, akachota ngano, akainama mbele ya mke wake kama inavyompasa mwenyeji kuinama mbele ya mgeni. Desanka akajipiga ishara ya msalaba, akala. Ilikuwa tamu, na alilia kidogo akiwa bado anatafuna. Alipomaliza akakipeleka kijiko kwenye glasi ya maji, kama ilivyo desturi.

Radoje akaudaka mkono wake.

"Hicho usikiloweshe," akasema. "Jumatatu tunaingia kazini."